Kabla ya Marahaba

Bwenini, 11 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umeona ilivyotoka? Kwenye karatasi inatiririka kama maji ya bomba. Ndiyo maana nakuandikia, wala siombi zamu kwenye simu ya matroni, ambako wenzangu wanapanga foleni nyuma yangu na mimi nimekwama kwenye herufi ya kwanza.

Nimefika salama, na godoro langu nimelikuta pale pale. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua nzuri haimzungushi msomaji, kwa hiyo nasema mapema: nataka kujua video yangu imefikia wapi.

Tangu likizo iishe nimekuwa nikiifikiria siku ile uliponirekodi sebuleni. Kamera ilikuwa karibu mpaka nikasikia joto la taa shingoni. Ulisema hutaki uso, unataka shingo na mkono tu, kwa sababu uso wangu umezoea kuomba radhi, lakini shingo haijui kuomba radhi. Maneno hayo nimeyaandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu. Halafu ukaniambia niisalimie kamera kama vile ni Baba. "Shikamoo Baba." Maneno mawili tu! Koo likafunga, mkono ukakamata sketi, nawe ukakaa kimya. Hukunisaidia hata kidogo. Nilipomaliza ulizima taa ukasema "Asante," kama mtu aliyepewa kitu.

Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo. Unajua mwenyewe mambo yanavyokuwa. Nikimsalimia mtu mzima nikakwama, ananionea huruma, ananiitikia "Marahaba, marahaba mwanangu" wakati mimi bado niko kwenye "sh". Bingwa wao ni Baba. Wateja wake wanasema kinyozi yule anakata nywele na maneno ya watu kwa pamoja. Mimi naanza, yeye tayari: "Marahaba mama, umeshindaje, umeshinda vizuri, haya ingia ule." Hata hospitali daktari akiniuliza ninaumwa wapi, Baba anajibu tumbo. Siku moja lilikuwa sikio.

Kwa hiyo nataka watu wakae mbele ya shingo yangu waone neno likija. Sitaki wanihurumie. Linachelewa, lakini linakuja, na mimi ndiye ninayelileta.

Rafiki yangu wa kitanda cha juu anauliza kama kweli shingo yangu itakuwa kubwa kuliko mlango. Nimemwambia ndiyo. Tafadhali usiniangushe.

Mwanao,
mwenye shingo


Studio, 21 Mei

Mwenye shingo,

Marahaba. Mwambie huyo wa kitanda cha juu kwamba shingo yako ni kubwa kuliko mlango na dirisha vikijumlishwa.

Nimepata chumba. Kilikuwa stoo ya mafagio katika ukumbi wa maonyesho, chembamba kama kabati. Kuta nimezipaka rangi ya ndani ya mdomo uliofumbwa. Kuna kigoda kimoja na skrini moja, tena goti la mgeni linakaribia kuigusa. Mgeni anavaa hedfoni, kwa hiyo pumzi zako anazisikia ndani ya kichwa chake. Mtu hawezi kurudi nyuma kwa sababu nyuma ni ukuta. Ndivyo ninavyotaka. Barabarani tunapishana na miili ya watu siku nzima bila kuitazama, au tunaitazama kwa kuiba. Humu nataka mtu akae karibu na mwenzake kupita adabu, halafu ajiulize mwenyewe kinachomsumbua ni nini.

Fundi wangu wa umeme, tunamwita Nyaya, amefunga kila kitu. Unamkumbuka? Yule mfupi anayezungumza na soketi kuliko anavyozungumza na watu. Msimamizi wa ukumbi naye alikaa kigodani akatoka anajipepea: "Jamani, kitu hiki kinakera!" Kwa mama yule hiyo ni sifa.

Na Baba yako ametoa ruhusa! Nilidhani atanikimbiza na mkasi. Si unakumbuka maonyesho yangu ya visigino, alivyosimama katikati ya watu akasema, "Dada yangu amesomeshwa miaka yote hiyo, kumbe anasomea magaga"? Safari hii amekubali.

Nimekuwekea video kwenye flashi, ndani ya boksi la sabuni. Nimeisafisha kidogo, kama tunavyofanya sisi wa kazi hii. Iangalie, unipe jibu.

Shangazi yako


Bwenini, 3 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu wa kompyuta alituruhusu kufungua flashi baada ya mtihani. Tuliingia darasa zima, maana rafiki yangu alikuwa ametangaza habari za mlango.

Shingo yangu ikatokea. Wakapiga kelele, nami nikaona fahari. Mkono ukakamata sketi. Halafu mara moja, bila kitu katikati, nikajisikia nikisema "Shikamoo Baba" kama mtangazaji wa redio. Wakapiga makofi. Msichana mmoja wa mbele akageuka akaniambia, "Kumbe ulishapona!" Nikacheka pamoja nao, kisha nikaenda kufua soksi ambazo zilikuwa safi.

Shangazi, naandika kwa heshima zote, lakini yule si mimi. Nimerudia kuitazama peke yangu. Kuna mahali mkono umefumba, halafu ghafla uko wazi. Hakuna mkono unaofunguka hivyo. Mkono wangu hufunguka kidole kimoja kimoja, na kidole cha mwisho, hiki kidogo, ndicho kinacholeta neno. Wewe mwenyewe ulinionyesha siku ile. Sasa umekikata kidole changu.

Sijui kama nitaweza kulisema hili vizuri bila kukukosea. Ulikuwa mtu mmoja duniani ambaye hakunimalizia salamu. Na sasa wewe pia umeniitikia marahaba kabla sijafika.

Naomba unirudishie ule ukimya wangu. Kama haiwezekani, naomba usinionyeshe kabisa.

Mwanao


Studio, 10 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Una haki, na sitafuti pa kujifichia.

Baba yako alikubali kwa sharti. Nilimwonyesha video nzima kwenye simu yangu, pale pale dukani kwake, na mteja kajaa povu la sabuni. Hakuifikisha hata nusu. Akanirudishia simu akasema, "Pale anapohangaika pakate. Wamsikie mwanangu akinisalimia, hilo sawa. Lakini sitaki watu wakae wakimtazama anavyozama." Mimi, ninayejisifu kwamba natazama pale wengine wanapogeuza macho, nikasema sawa kaka. Nilijidanganya kwamba nusu ni bora kuliko kukosa. Tena sikukuambia, nikaiita "kusafisha".

Ile nzima ninayo. Haijapotea hata pumzi moja. Lakini kanuni yangu unaijua: mwenye mwili asiporidhia, sionyeshi. Na wewe bado ni mtoto wa shule, kwa hiyo mzazi naye lazima aridhie. Ile iliyokatwa wewe huitaki, basi haitaonekana. Ile nzima Baba yako haitaki. Tunafungua tarehe 12 Julai, na kama mambo yatabaki hivi, chumba chako nitakifunga kwa kufuli na wageni watakiona kama stoo ya mafagio tu.

Jumapili ni siku ya wazazi huko kwenu. Zungumza naye. Mimi nimeshajaribu, tukaishia kupigiana kelele, na mteja akaondoka na povu lake.

Shangazi yako, mwenye aibu


Bwenini, 18 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeshakusamehe, usiandike tena kuhusu aibu. Tuna kazi.

Baba na Mama walikuja wote wawili. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya maabara. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nikachagua maneno yanayoanza kwa herufi zisizonisumbua sana. Lakini Baba alimweleza mwalimu wa darasa jinsi nilivyofanya mtihani, akamweleza matroni ninavyolala, akamweleza rafiki yangu ninachopenda kula. Nikapata nafasi moja. Nikasema, "Baba, ile v... v..." Naye akaruka juu: "Vitabu! Mama yake, si tumesahau vitabu vya mtoto kwenye basi!" Akatoka mbio kuelekea kituoni. Vitabu vilikuwa chini ya benchi. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka. Hiyo ndiyo taabu ya Baba, Shangazi. Anafurahisha. Huwezi kumkasirikia ukamaliza.

Jua liliposogea akaenda kuagana na mlinzi wa geti, akaona ndevu zake, akashindwa kuvumilia. Akatoa wembe kwenye mkoba. Mimi nilikuwa mbali kidogo nikiwatazama. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akamwinamisha kichwa, akaanza. Na Shangazi, alikuwa kimya! Mlinzi alianza kueleza habari fulani, Baba akamgusa tu bega, yule naye akanyamaza, akafumba macho. Watu wawili wasiojuana, mmoja ameshika shingo ya mwenzake, na hakuna aliyeona vibaya.

Kumbe Baba anaweza kunyamaza. Anaweza kabisa, akiwa ameshika kitu ambacho neno moja litakiharibu.

Hapo ndipo nikapata wazo, nikakimbia nikaliandika kiganjani. Hivi Nyaya anaweza kuweka maikrofoni kando ya kigoda? Iwe hivi: mgeni akitoa sauti kabla sijamaliza, picha irudi mwanzo. Akiitikia mapema, irudi mwanzo. Akinisaidia neno, irudi mwanzo. Nami nianze upya mbele yake, taratibu, mpaka atakapoweza kunyamaza na mimi. Sauti yangu haitachanganya mitambo kwa sababu iko ndani ya hedfoni.

Halafu Baba akae humo. Akitoka bado anasema hapana, nitakubali, na kufuli nitaifunga mwenyewe nikija likizo.

Mwanao,
mwenye wazo


Studio, 27 Juni

Mwenye wazo,

Marahaba! Nyaya alisoma barua yako mara moja, akakuna kichwa, akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Huyu mtoto akimaliza shule aje kwangu kwanza." Kufikia jioni kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Kazi imebadilika kabisa. Zamani ilikuwa shingo ya kutazama. Sasa mgeni anajikuta naye yumo.

Msimamizi wa ukumbi aliingia wa kwanza. Akasema "mh" tu, ikarudi mwanzo. Akasema "nimefanya nini?", ikarudi mwanzo. Kijana aliyeleta rangi akajaribu. Wewe ukafika kwenye "sh", yeye "marahaba". Mwanzo. "Ala!" Mwanzo. "Samahani dada." Mwanzo. Tukamsikia anapumua humo kama aliyebeba gunia. Alitoka amelowa jasho, akanywa maji, akaomba arudi tena.

Na mimi? Nilijiona mjuzi. Nikakaa, nikatulia, na pale koo lako lilipofunga nikasikia mtu ananong'ona "shika..." Alikuwa mimi. Picha ikarudi mwanzo. Niliona haya peke yangu gizani, mwanangu, na nadhani hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta kwenye visigino vya watu miaka yote.

Ni ile nzima, haijakatwa hata unywele. Lakini mpaka Baba yako akubali, tunaoingia ni sisi wa kazi tu. Mwalike wewe. Nikimwita mimi atasema, nami nitasema, tumezaliwa na mama mmoja.

Shangazi yako


Bwenini, 1 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Natumaini wewe na Mama hamjambo, na dukani wateja ni wengi. Mimi sijambo. Vitabu nimeviona, asante.

Baba, siku ile nyuma ya maabara sikutaka kusema vitabu. Nilitaka kusema video. Shangazi amenieleza sharti lako, na naelewa kwamba ulinifikiria. Ukiona nimekwama unaona kama nazama. Mimi nikiwa mle ndani sijioni nazama. Nakuwa na kazi, ndiyo, kazi ngumu kidogo, lakini najua njia yake. Mtu akinimalizia neno, ndipo ninapopotea, kwa sababu ananishusha kabla ya kituo changu na mimi nilikuwa nimeshalipa nauli.

Naomba ufunge duka siku moja kabla ya tarehe 12. Nenda kwa Shangazi, uingie kwenye chumba kidogo peke yako. Usibishane naye mlangoni. Kaa kwenye kigoda kama unavyokaa na wembe mkononi. Mtu aliye mbele yako atakusalimia. Ni mimi.

Ukitoka, uamuzi ni wako. Nimemwambia Shangazi hivyo, na sitanuna.

Mwanao


Studio, 11 Julai

Mwanangu,

Nimempa dereva wa basi barua hii ikufikie haraka, ingawa sina cha kukupa ila wasiwasi wangu.

Alikuja leo mchana. Kavaa koti la harusi, kajinyoa mpaka kajikata kidevuni, kinyozi mzima. Hakubishana. Akauliza, "Ni huku?", akaingia, akavuta pazia.

Tulisimama nje, mimi na Nyaya. Tukasikia: "Marahaba mama." Kimya. "Aa, marahaba!" Kimya. "Sasa huyu mbona anaanza tena? Dada! Chombo chako kibovu!" Nyaya akauma kidole asicheke. "Sema tu mama, Shi... ka..." Kimya. Halafu tukasikia kigoda kikilia, kama mtu amejiweka sawa. Baada ya hapo hatukusikia kitu. Nyaya akanitazama na mimi nikamtazama. Nilijua urefu wa video ile, na ulipita, na hakutoka.

Alipotoka alipita katikati yetu, akachukua mkoba wake, akashuka ngazi. Sikupata neno hata moja, kutoka kwa mtu yule ambaye huwa anaaga mlango! Nikamwita, akainua mkono bila kugeuka.

Kesho tunafungua. Kufuli ninayo mfukoni. Nitamngoja mpaka saa ya mwisho.

Shangazi yako


Nyumbani, 14 Julai

Kwa mwanangu,

Mimi si mwandishi, wewe unajua. Mama yako amekaa hapa ananitajia pa kuweka nukta, nimemwomba anyamaze kidogo. Amenicheka sana.

Shangazi yako atakuwa amekuambia niliondoka kama mtu aliyeibiwa. Kweli niliibiwa, maneno yote yalikwisha. Nilitembea mpaka nikakuta kituo cha basi, basi likaja likaondoka, mimi nimekaa. Nililala kwenye nyumba ya wageni, kwa sababu ningefika nyumbani Mama yako angeniuliza.

Nikueleze ya humo ndani. Mwanzo nilidhani dada yangu kanitegea. Nikiitika, unarudi mwanzo. Nikikusaidia, unarudi mwanzo. Nikakasirika. Halafu nikakumbuka uliyoandika, kaa kama una wembe mkononi. Nikaweka mikono hivi, kama nimeshika kidevu cha mteja. Nikanyamaza.

Mama, mimi nimeshika shingo za watu tangu nikiwa kijana. Naijua shingo inayoogopa, naijua ya mlevi, naijua ya mtu mwenye msiba hata asiponiambia. Yako sikuwahi kuitazama, ilikuwa inapita mbele yangu na mimi naongea. Nikaona ule mshipa ukisimama. Nikaona koo likifunga, nikataka kutoka. Sikutoka. Nikaona vidole vikifunguka, cha kwanza, na cha pili. Hukuwa unazama. Ulikuwa unaogelea, na mimi miaka yote nimekuwa nikikuvuta nje ya maji kwa nywele. Nikaona kidole kidogo kikifunguka. Neno likaja. Lilikuwa langu, umenisalimia mimi.

Niliitazama tena, nikaitazama tena. Sikuitika, nilihofia itarudi mwanzo.

Asubuhi ya tarehe 12 nilirudi nikamkuta Shangazi yako mlangoni na kufuli mkononi. Nikamwambia, "Washa. Yote." Akaanza kulia, nami nikamwambia aache, wageni wanakuja. Mchana kutwa nilisimama penye pazia nikiwaelekeza watu: ukiingia humo usiseme neno, huyo ni binti yangu, mwache amalize. Nyaya akasema wamepata mlinzi anayepiga kelele kuliko foleni.

Siku ya wazazi nitakuja tena. Vitabu nitaviacha nyumbani. Mwambie daktari wa shule kama ni sikio ni sikio. Na ukitaka kusema jambo, hata likiwa refu, mimi nitakuwa nimekaa.

Barua yako ilianza na salamu. Utakuwa umeona kwamba nimeandika mpaka hapa sijaiitikia, na Mama yako ananiambia ni utovu wa adabu. Sikusahau. Nilitaka safari hii uwe umemaliza kwanza.

Marahaba, mama.

Baba yako